Gari Inavuja, na Kosa Si la Mvua

Jina Nairobi limetoka kwa Kimaasai, Enkare Nyirobi, maji baridi. Wengi wetu tulifunzwa hiyo shuleni tukaisahau. Mimi niliikumbuka Julai ya 2024, saa kumi na moja na nusu asubuhi, nimekaa kiti cha mbele kushoto ndani ya ndai ya mbuyu, soksi zimelowa chapa, na nje hakukuwa na mvua hata tone.

Wiki hiyo mbuyu alikuwa karibu agonge msee wa boda hapa kwetu Kawangware, kwa Naivasha Road. Vioo vyote vilikuwa vimejaa mvuke kwa ndani. Mkono mmoja unapangusa na kitambaa, mwingine uko kwa usukani. Yule msee aliruka kando, akatutukana vizuri sana, akaenda zake. Mbuyu aliegesha, akanyamaza karibu dakika nzima. Halafu akasema, "Hii gari naiuza."

Wasee, ngojeni niwaambie hiyo sentensi ilikuwa na uzito gani. Hiyo gari ni ya teksi. Imenunuliwa na mkopo wa Sacco, pamoja na pesa ya chama ya mathe, na mkopo ulikuwa bado haujafika hata nusu. Karo ya dada yangu mdogo inatoka humo. Wanunuzi wawili walikuwa wamekuja kuiangalia, na wote walifanya kitu kimoja: wakafungua mlango, wakanusa, wakasema, "Hii ni gari ya mafuriko." Bei waliyotoa singewaambia hata mkinilipa.

Kenya hatuna theluji, najua. Lakini tuna Julai. Kuanzia Juni mpaka Agosti Nairobi inakuwa na mawingu ya kijivu kutoka asubuhi mpaka jioni, jua linakuwa hadithi, na kitu kikilowa hakikauki. Maji yaliyoingia kwa gari wakati wa mvua ya Machi hadi Mei yanakaa chini ya kapeti, yananuka, halafu asubuhi baridi yanapanda kwa vioo kama mvuke. Na mvua ya 2024 mnaikumbuka. Ule mwaka Mathare ilifagiliwa na mto, na Mai Mahiu watu wengi walikufa usiku mmoja mwezi wa Aprili. Kulalamika juu ya kapeti mwaka kama huo ni aibu kidogo, kwa hivyo mbuyu hakulalamika. Alilipa mafundi tu.

Fundi wa kwanza alipaka silikoni kuzunguka kioo cha mbele. Maji yakaendelea. Wa pili alisema ni AC. Mbuyu hata hatumiagi AC, anasema inakunywa mafuta. Wa tatu alikuwa mkarimu zaidi: alipaka silikoni kwa kioo, kwa milango, kwa buti, kila mahali palipokuwa na mwanya. Baada ya hapo ndio mambo yalianza kuwa noma kabisa. Ukikata kona unasikia maji yakicheza ndani ya mlango, shwaa, kama mtungi.

Hapo ndipo nilianza kusoma. Nilikuwa natafuta jibu la kapeti, nikapata historia.

Magari ya kwanza kabisa hayakuwa na hii shida ya kuvuja, kwa sababu hayakuwa na ndani. Yalikuwa wazi kama mkokoteni. Mvua ikija, unanyeshewa. Hata kioo cha mbele kilikuwa na balaa yake: Mary Anderson, mwanamke kutoka Alabama, alitembelea New York wakati wa baridi akaona dereva wa tramu anafungua dirisha ili aone njia, barafu ikimpiga usoni. Akabuni waipa, akapata hataza Novemba 1903. Hakuna kampuni iliyoinunua. Leo hakuna gari bila waipa na yeye hakula hata ndururu.

Magari ya kufunikwa yalishika soko la Marekani miaka ya 1920, na hapo ndipo kuvuja kukazaliwa. Paa lenyewe halikuwa chuma kitupu. Katikati kulikuwa na fremu ya mbao na kitambaa kilichopakwa dawa ya kuzuia maji, kwa sababu kupiga bati moja pana la kutosha paa zima kulikuwa kugumu. Kitambaa kikizeeka, kinavuja. Ni mpaka magari ya 1935 ndio General Motors ikaja na paa la chuma kipande kimoja. Kwa hivyo miaka hiyo yote, mtu akiuliza gari inavujia wapi, jibu lilikuwa rahisi: juu, pale palipochoka. Ziba.

Huku kwetu hilo jibu lilidumu zaidi. Land Rover ilizinduliwa 1948, na bodi yake ni mabati ya alumini yaliyofungwa kwa bolti. Mtu yeyote aliyewahi kupanda Land Rover ya zamani wakati wa mvua anajua kulowa ukiwa ndani ni sehemu ya safari. Halafu kulikuwa na Peugeot. Ile 404 ilishinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968, na baada ya hapo ungemwambia nini Mkenya kuhusu gari nyingine? Magari hayo vioo vyao vilishikwa na raba nene. Jua letu linakausha raba, raba inapasuka, maji yanaingia. Na matatu, zile za enzi ya senti thelathini zilizopewa jina lao, ambazo Mzee Kenyatta aliziruhusu rasmi 1973, nyingi bodi yake ilichomelewa hapa hapa mtaani. Mahali bati mbili zinakutana, paka kitu, ziba.

Mafundi wetu walisomea hapo. Chini ya mti, mikononi mwa fundi mkubwa, bila darasa. Ripoti maarufu ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya 1972, ndiyo ilifanya ulimwengu uanze kuongea juu ya hawa watu kama sehemu halisi ya uchumi. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi akatembelea mafundi wa Kamukunji, waliokuwa wanapigwa na jua, na mabanda yakaja baadaye. Jina likabaki: jua kali. Mimi siwadharau hata kidogo, na mtu akiniletea ile stori ati mafundi wetu ni wakora wote, tutagombana. Walijua magari yao kuliko waliyoyatengeneza. Kuziba kulikuwa dawa sahihi ya magari waliyofundishwa.

(Kando kidogo. Sipea za hayo magari zilikuwa na bado zinauzwa Kirinyaga Road, lakini sisi wote tunaita Grogan. Huyo Grogan, Machi 1907, alichapa viboko Waafrika watatu waziwazi mbele ya mahakama hapa Nairobi. Bado tunamtaja kila tukitafuta shokabu. Haya, turudi.)

Mapema miaka ya 1990 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa na ya pesa za kigeni, na mlango ukafunguka. Magari ya mitumba kutoka Japani yakaanza kushuka Mombasa. Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko kulia, kwa hivyo ilikuwa ndoa rahisi. Na wao wana sheria ya ukaguzi: gari mpya inakaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na huo ukaguzi si bei ya mandazi. Wengi wanaona afadhali wauze. Sisi nasi tuna sheria ya gari isizidi miaka minane. Katikati ya hizo sheria mbili ndio gari ya mbuyu ilipita. Kwa fremu ya mlango bado kuna stika ya Kijapani, nadhani ya kubadilisha oili. Na kila asubuhi ukiwasha, kuna dada ndani ya redio anatusalimia kwa Kijapani, maneno mengi, kwa adabu sana. Labda siku zote amekuwa akituambia maji yanatoka wapi.

Sasa sikizeni, kwa sababu hapa ndio penye kesi yangu. Hizi gari mpya zilijengwa na wazo tofauti kabisa. Gari ya kisasa haijaribu kuzuia maji yasiingie. Inayaruhusu yaingie kwanza, halafu inayaonyesha njia ya kutoka.

Chukua mlango. Maji yanashuka kando ya kioo mpaka ndani ya mlango kila siku ya mvua, na hiyo si kasoro. Ndani kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa ili maji yasije upande wako, na chini kabisa ya mlango kuna vitundu vya kuyatolea. Chukua ile plastiki nyeusi chini ya waipa. Chini yake kuna kama mtaro, unapokea maji yote ya kioo cha mbele na kuyashusha pembeni, nyuma ya gurudumu. Gari yenye dirisha la paa ina mipira myembamba kwenye kona zake, inashuka ndani ya nguzo mpaka chini. AC nayo inatengeneza maji yake yenyewe na ina kamrija ka kuyamwaga barabarani. Japani kuna sehemu, kama Hokkaido na Niigata, theluji inalala juu ya gari na kuyeyuka polepole siku nzima. Mtu aliyechora hiyo mitaro alikuwa anafikiria hayo maji.

Kwa hivyo gari kama hii ikilowa ndani, mara nyingi si kwamba kuna tundu limefunguka. Ni tundu limezibika. Na sisi, kwa heshima yote ya urithi wa Land Rover na Peugeot, tunaleta silikoni.

Haya yote sikuyajua Julai. Aliyetufungua macho ni shosho.

Shosho yangu, mamake mbuyu, anaishi Kibera, Lindi, tangu kabla mbuyu azaliwe. Jumapili hiyo tulitoka Kawangware, tukashika Naivasha Road mpaka Dagoretti Corner, Ngong Road, tukashuka Kibera. Mbuyu alimwambia, kama utani, kwamba anauza gari kwa sababu imekuwa nyumba ya vyura. Shosho hakucheka. Aliuliza, "Maji yanaanza kuonekana wapi?"

"Kila mahali, Mama."

"Hakuna kitu kama hicho. Yanaanza wapi?"

Halafu akatuonyesha dari yake. Pale juu ya kitanda kuna doa, maji huanguka hapo. Lakini tundu la mabati liko karibu na mlango, mita mbili hivi kutoka kwa kitanda. Maji yanaingia kwa msumari, yanafuata ubao, yakifika kwa fundo la mbao yanaanguka. "Tone halianguki lilipoingilia," akasema. "Ukiziba juu ya kitanda umeziba bati zima. Mvua inakuja inakukuta." Anasema zamani, kabla ajue, walipaka lami juu ya kitanda misimu miwili.

Swali lake la pili lilikuwa, "Ni maji gani?" Nilidhani ni mzaha. Maji ni maji. Shosho akanitazama kama mtoto aliyepelekwa kuteka maji akarudi na ndoo tupu. Mtu wa Kibera anajua maji kwa pua: ya mfereji, ya mvua, ya mtaro, ya jirani aliyemwaga ya kuoshea nguo.

Na kweli, hiyo ndiyo hatua ambayo mafundi wote watatu waliruka. Kama kapeti ina kitu kinachonata kidogo, kina rangi na harufu tamutamu, hiyo ni kulanti kutoka kwa karejeta kadogo ka hita ndani ya dashibodi, na usicheze nayo, injini iko hatarini. Kama ni maji safi, bila harufu, na yanakuja siku za jua ukiwa umewasha AC, mrija wa AC umeziba. Kama yanakuja baada ya mvua au baada ya kuosha gari, na yana uchafu na majani, hayo ni ya nje. Yetu yalikuwa ya nje. Nilipangusa na tishu nyeupe, ikatoka na rangi ya chai ya rangi.

Jumatatu mbuyu hakwenda kazi. Siku nzima bila pesa, hapo unajua mtu ameamua. Tulitoa mikeka, tukatoa viti vya mbele na spana ya kuazima, tukainua kapeti. Chini yake kuna sifongo nene, na hiyo sifongo ndiyo mnafiki mkubwa: juu inaonekana kavu, chini imebeba maji ya Aprili. Tuliikamua kwenye beseni. Beseni lilijaa, mathe akaja kuona, akaenda bila kusema kitu.

Kukausha kulichukua siku tatu na jiko la makaa lililowekwa mbali, milango yote wazi. Tafadhali usifunge jiko ndani ya gari au nyumba, huo moshi usioonekana unaua. Chuma kilipokauka tulinyunyiza unga wa ngano kwenye sakafu na ukutani mwa gari, safu nyembamba tu. Hiyo ilikuwa ya shosho pia. Maji yakipita kwenye unga yanaacha njia, huwezi kubishana nayo.

Halafu mimi nikaingia ndani na tochi, nikalala kichwa chini miguu juu ya kiti, mbuyu nje na jagi. Tulianza chini tukipanda juu, si juu kwenda chini. Ukimwaga kwa paa kwanza, kila kitu kinalowa mara moja na hujui kitu. Mlango kwanza, dakika tano. Ngoja. Angalia. Unga ukiwa mkavu, panda.

Mlango wa kushoto ulijibu haraka. Mstari mwembamba ulishuka juu ya unga kutoka chini ya plastiki ya mlango. Mbuyu akapiga magoti akaangalia ukingo wa chini, na vile vitundu vya kutolea maji havikuwepo. Vilikuwa vimejazwa silikoni, safi kabisa, kazi nadhifu. Alitoboa moja na waya na maji yakaruka mpaka kwa viatu vyake.

Lakini hayo yalikuwa ya mwezi mmoja tu, tangu fundi wa tatu. Maji ya mwanzo yalikuwa yametoka wapi? Tulipanda mpaka kioo cha mbele. Jagi la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. La tatu nikasikia tiki, tiki, nyuma ya dashibodi, upande wangu wa kushoto, pale feni ya kuingizia hewa inapokaa. Halafu likaja, si tone, mkondo, ukaanguka kwenye unga na kwenye sikio langu.

Tulifungua ile plastiki nyeusi chini ya waipa. Mtaro wote ulikuwa shamba. Majani ya jakaranda, udongo mwekundu wa Kawangware uliokauka kama tofali, karatasi ya peremende, na vumbi ambalo huja na barabara zetu za ndani na kukutana na mvua na kuwa simiti. Njia ya kushoto ya kutolea maji haikupitisha hata waya. Maji yakijaa humo yanakosa pa kwenda, yanapanda mpaka mdomo wa feni, yanaingia ndani. Kule chini kabisa kulikuwa na vijani vyembamba kama sindano, vya msonobari. Mbuyu anaapa vimetoka Japani. Mimi nasema msonobari uko hata huku. Tumekubaliana kutokubaliana, lakini ameviweka kwenye droo ya gari, na akipata abiria wa stori anavionyesha.

Kusafisha kulichukua dakika arobaini na kijiko. Sipea, sufuri. Mafundi watatu, silikoni, siku zilizopotea, nota mbaya za abiria waliolowesha mikoba, hayo mbuyu aliyajumlisha kwenye daftari, akalifunga, hajanionyesha.

Nilimrudia yule fundi wa tatu. Si kugombana, nilitaka tu kujua kwa nini aliziba vitundu vya chini ya mlango. Ni mzee wa miaka sitini hivi. Alisema alianza kazi akiwa kijana, kwa Peugeot, na hapo chini ya mlango ndipo kutu ilikuwa inaanzia, kwa hivyo mwalimu wake alimfundisha asiache tundu lolote wazi. Aliongea juu ya huyo mwalimu kama mtu anaongea juu ya babake. Nilimwonyesha video ya maji yakiruka kwa viatu vya mbuyu. Aliitazama mara mbili. Akaniuliza kama ninaweza kumtumia.

Mvua ya Oktoba ilikuja. Usiku wa kwanza mbuyu aliamka mara mbili akaenda nje na tochi, anainua kona ya kapeti, anarudi kulala. Kavu. Asubuhi kioo kilikuwa safi, na yule dada wa Kijapani akatusalimia kama kawaida.

Tulikuwa na mirija miwili ya silikoni iliyobaki, haijafunguliwa. Tulimpelekea shosho Jumapili, nikapanda juu nikazunguka misumari yote ya mabati upande wa mlango, yeye akiwa chini ananielekeza na mwiko.